Mamba Hajakuzoea, Ana Baridi Tu

*Swali:* Shikamoo mzee wangu. Naandika kutoka Chumbageni, Tanga. Mdogo wangu wa mwisho anafanya kazi kwenye shamba la mamba upande wa Bagamoyo, huu ni mwaka wa tatu. Hututumia video amekaa mgongoni kwa mamba, anacheka. Nikimgombeza ananijibu, "Dada, huyu tumezoeana, namlisha mimi tangu mdogo." Sasa kapata wakala anayemwambia kuna kazi nje ya nchi, kwenye bustani ya wanyama wa bahari, kuhudumia simba bahari na orka, wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe. Mshahara mara sita ya anaoupata. Mama anataka aende. Mimi usiku silali. Je, ni kweli mnyama akikuzoea hakudhuru? Na hao orka ni hatari kuliko mamba?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hiyo video, kwa sababu kijana wa namna hiyo nilikuwa mimi, ila zama zetu hapakuwa na simu za kuuwekea ujinga ushahidi.

Muulize aliipiga saa ngapi. Nakadiria ni asubuhi, saa moja au saa mbili, na pengine ni miezi hii ya kusi ambapo hata pwani tunajifunika kanga alfajiri. Mamba hana joto lake mwenyewe, analiazima juani. Akiamka wa baridi, mwili wake ni kama injini ya jahazi iliyolala kutwa mbili: inahitaji muda kabla haijashika. Kama jana alikula na chakula bado kiko tumboni, ndiyo kabisa hana haja ya kujisumbua na kitu kilichomkalia mgongoni. Mdogo wako arudi kwa mamba yuleyule saa nane mchana, siku ya tano bila kula, ndipo atajua wamezoeana kiasi gani. Asijaribu, nasema tu. Hata kule kuachama kinywa juani, ambako wageni hudhani ni vitisho na watoto hudhani ni kicheko, ni njia yake ya kupoza kichwa. Yeye anaona urafiki. Mimi naona kipimajoto.

Na hiyo hoja ya "namlisha mimi tangu mdogo" ndiyo inayonitisha kuliko video. Mamba anajifunza, tena vizuri sana. Waulize watu wa kando ya Ruvu na Wami: mama anayeteka maji mahali palepale, saa ileile, kila siku, huyo ndiye anayewindwa, kwa sababu mamba kule chini amekwisha kumsoma ratiba yake. Shambani ni hivyohivyo. Mtu huyu akija, na ndoo ile ikigongwa, nyama inashuka. Kijana anadhani mamba amemzoea yeye, kumbe amezoea ndoo. Siku atakayoingia bila ndoo, kufagia tu au kuokota kandambili iliyotumbukia, mamba atakuja vilevile, na kitu pekee kilichopo cha kuliwa kitakuwa ni yeye. Ndiyo maana mashamba yanayojali hulisha kwa upondo mrefu kutoka nje ya ukuta, na hubadilisha mahali na saa.

Watu huogopa meno. Ni haki yao. Mamba wa maji chumvi, yule wa Asia na Australia, amepimwa akafunga kinywa kwa nguvu ya zaidi ya nyutoni 16,000, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Wetu wa Mto Pangani ni ndugu yake. Misuli ya kufungulia, kinyume chake, ni dhaifu hata utepe wa plasta unatosha kukifunga kinywa. Lakini meno yale si ya kutafunia, ni ya kushikia. Kinachoua ni maji. Mamba ana kizibo cha nyama kooni kinachomwezesha kukuachamia chini ya maji bila yeye kuyameza. Anakushika, anazama nawe, anajizungusha, anasubiri. Nishikie jambo hili hapa, nitalirudia nikifika kwa orka.

Kazi mbaya kuliko zote shambani ni kukusanya mayai. Mamba jike hulinda kiota kwa karibu miezi mitatu, na huenda akakaa siku nyingi bila kula. Watoto wakianza kulia ndani ya yai huwasikia, akaja kuwafukulia mchanga. Yule aliyekuwa gogo mwezi wa tano si yule wa kwenye kiota. Mimi nilikuwa namfahamu jike mmoja kwa miaka saba. Miaka saba! Nilimpa hata jina, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili, shamba lile halikuwa na komeo la maana kwenye lango la ndani, tulifunga kwa waya. La tatu lilikuwa langu peke yangu: niligeuka nikampa mgongo ili nimwambie mwenzangu neno. Alinishika shavu la mguu wa kushoto. Mwenzangu alikuwa na upondo, akamtia nao puani mara mbili, akaachia. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa, lakini kinywa cha mamba kimejaa vijidudu. Nililala wodini wiki tatu, usaha unatoka, na hadi leo mguu huo unanijulisha mvua kabla ya mamlaka ya hali ya hewa.

Siku ile haikuwa ya kwanza kazini. Ilikuwa mwaka wa saba.

Wewe ni mtu wa Tanga, utanielewa nikikwambia habari za mkonge. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya katani, akaacha vidole viwili humo. Hakuviacha mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza alikuwa anaiogopa korona kama mtoto anavyoogopa jini, anasimama mbali, anasukuma jani kwa ncha ya kidole. Aliviacha alipokwisha kuwa fundi, anaweza kulisha mashine huku anazungumza mpira. Mazoea yana taabu, na taabu yake ni kwamba yanamlegeza mmoja tu kati ya wawili. Mnyama wa kuwinda akikaa na wewe miaka kumi, wewe ndiye unayefugika.

Sasa orka. Kwanza jina. Kwa Kiswahili huandikwa nyangumi muuaji, na silipendi, maana kwa ukoo yule ni pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote. Jina la uuaji alilipata kwa mabaharia waliomwona akiwinda nyangumi. Na hapa kuna jambo la kushangaza: baharini, huru, hakuna tukio hata moja lililothibitishwa la orka kuua mtu. Mabwawani wamekwisha kufa watu wanne, mwaka 1991, 1999, 2009 na 2010. Katika vifo vitatu kati ya hivyo alikuwepo orka mmoja.

Aliitwa Tilikum. Alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983, bado mdogo wa kama miaka miwili, akapelekwa bustani moja huko Victoria, Kanada, ambako usiku alifungiwa na majike wawili kwenye kizimba kidogo chenye giza. Majike walimng'ata. Februari 1991 msichana aliyekuwa akifanya kazi pale, mwanafunzi, aliteleza akaingia bwawani. Hakuwa akiogelea nao. Pale hapakuwa na utaratibu wa mtu kuingia majini. Kwa orka wale, mtu majini kilikuwa kitu kipya. Walimzungusha na kumzuia asitoke mpaka akazama. Mwaka uliofuata Tilikum aliuzwa kwa SeaWorld, bustani ya wanyama wa bahari ya Orlando, Marekani. Mwaka 1999 mtu mmoja aliyejificha bustanini baada ya kufungwa alikutwa asubuhi amekufa, yuko juu ya mgongo wa Tilikum. Tarehe 24 Februari 2010 ikawa zamu ya Dawn Brancheau, mwenye umri wa miaka 40.

Huyu Dawn ndiye ninayetaka mdogo wako amfikirie. Alikuwa miongoni mwa wakufunzi wenye uzoefu mkubwa pale, zaidi ya miaka kumi na tano. Kwa historia ya Tilikum, ilikatazwa kabisa kuogelea naye, na Dawn hakuogelea. Maonyesho yalikuwa yamekwisha. Alilala kwenye kingo ya maji mafupi, ya inchi chache tu, uso kwa uso na mnyama wa zaidi ya tani tano, akimbembeleza. Akavutwa ndani. Wenzake waligonga maji kumwita Tilikum, wakarusha nyavu, wakamsukuma bwawa hadi bwawa mpaka wakamfikisha kwenye lile lenye sakafu inayopandishwa juu. Walikuwa wengi, wamefundishwa, wana vifaa vyote, na hawakuweza kumfanyia kitu. Upondo wangu na jike wa mamba haukuwa na mfano wake pale.

Unaona kile nilichokuomba unishikie? Meno hushika, maji ndiyo huua. Orka na mamba wanakutana hapo. Mtu akishavutwa, swali si tena ana nguvu kiasi gani. Swali ni pumzi.

Miezi miwili kabla ya kifo cha Dawn, mkesha wa Krismasi ya 2009, mkufunzi wa miaka 29 aliuawa na orka aitwaye Keto kwenye bustani ya Loro Parque, kisiwa cha Tenerife, Uhispania, wakiwa katika mazoezi ya kawaida. Na mwaka 2006, kwenye SeaWorld ya San Diego, Marekani, orka jike aitwaye Kasatka alimshika mguu mkufunzi wake wa miaka mingi, akazama naye hadi chini, akampandisha apumue, akazama naye tena, kiasi cha dakika moja kila mara. Yule bwana alipona kwa sababu hakupapatika. Alipopandishwa juu alivuta pumzi polepole na kumpapasa yule mnyama mgongoni huku mguu wake ukiwa bado mdomoni. Nimemfikiria mara nyingi. Sijui kama mimi ningeweza.

Kwa nini mnyama asiyeua watu baharini anaua bwawani? Wako wanaosema kisasi. Mimi sisemi hivyo, maana kisasi ni neno la kibinadamu na mnyama hakunieleza. Lakini angalia anavyoishi. Baharini orka hukaa na mama yake. Dume huweza kukaa naye mpaka mama afe. Kila ukoo una milio yake, kama sisi na lafudhi, mtu wa Pangani akifungua mdomo tu unajua. Kwa siku anaweza kuogelea kilomita 100 na zaidi. Bwawani anawekwa na wageni wasiosikilizana, hana pa kukimbilia wakimng'ata, anasaga meno kwenye zege na vyuma mpaka yanakuwa visiki, na chakula chake kinakuja kwa filimbi: ukiruka vizuri samaki, ukikosea hakuna. Mapezi ya mgongoni ya madume wa bwawani karibu yote yamelala upande mmoja. Ana akili ya kukumbuka, ana siku njema na siku mbaya, na hana pa kuipeleka siku mbaya isipokuwa kwa aliye karibu.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Mamba naweza kumsoma: joto, njaa, kiota, majira. Vitu vinne, na ukivijua unaweza kufanya kazi naye hadi uzeeni. Orka ana vitu ambavyo aliyesimama kando ya bwawa hawezi kuviona. Ukinilazimisha kuchagua, nitaingia kwenye kizimba cha mamba saa nane mchana na wenzangu wawili, kuliko kulala kwenye kingo kama alivyolala Dawn. Yeye alijua kuhusu orka kuliko nitakavyojua mimi maisha yangu yote.

Serikali ya Marekani haikuliacha. Wakala wao wa usalama kazini kwa kifupi unaitwa OSHA, sawasawa na wetu wa Tanzania, na Agosti 2010 uliitoza SeaWorld faini ya dola 75,000. Ikapunguzwa baadaye ikawa dola 12,000, yaani kwao hela ya chai, lakini kilichouma si faini. Ni amri kwamba mkufunzi asikaribiane na orka bila kizuizi au umbali maalumu. Kampuni ilikata rufaa, ikashindwa Aprili 2014. Utetezi wake ulinifundisha kitu: walisema mafunzo yao na ujuzi wa wakufunzi wao wa kuwasoma wanyama vinatosha kuwa kinga. Ni maneno ya mdogo wako yaleyale, "tumezoeana," yamevaa suti yakaenda mahakamani. Machi 2016 wakatangaza kuacha kuwazalisha orka. Tilikum alikufa Januari 2017.

Simba nitawapitia haraka, maana umesema simba bahari na si simba, lakini kuna somo moja ambalo lazima alisikie: mlango. Huko California, mwaka 2013, msichana wa kujitolea aliuawa kwa sababu simba aliyekuwa kwenye chumba cha chakula alisukuma lango lisilofungwa mpaka mwisho. Uingereza mwaka huohuo, chui milia alipita mlango ambao kifaa chake cha kujifunga kilikuwa kibovu, akamkuta mtunzaji ndani. Na ndugu zetu wa Nigeria, Februari 2024, kwenye chuo kikuu kimoja cha Ile-Ife, aliuawa mtumishi aliyekuwa akiwalisha simba aliowatunza tangu wazaliwe palepale, karibu miaka tisa. Tangu wazaliwe, mwanangu. Mwambie hilo.

Turudi kwenye ajira. Muulize wakala ni nchi gani na bustani gani, kwa jina. Orka hawafugwi kila mahali. Wengi wako Marekani, Uhispania, Japani na China. Ile SeaWorld kubwa iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2023 ilifunguliwa bila orka hata mmoja. Kwa hiyo wakala akitaja bustani hiyo na orka kwa pumzi moja, ama hajui anachouza ama anajua sana. Waulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama ana leseni, kabla hajapewa hata shilingi ya nauli. Tena hakuna bustani inayomtoa kijana kwenye mamba ikamkabidhi orka. Akifika kweli, ataanza kwa kukata samaki na kusugua mabwawa, kazi ya halali ambayo mimi singemzuia. Ajihadhari na sakafu zenye utelezi, na simba bahari pia asiwadharau: dume ni mzito kuliko watu watatu na huuma bila kutoa taarifa. Kidonda cha mnyama wa bahari huchimba mpaka kwenye kiungo cha kidole, kikakakamaa, na daktari asiyeambiwa kimetoka kwa nani anaweza kutoa dawa isiyofaa. Akiumwa, amwambie daktari ni mnyama gani.

Mama yenu msimlaumu. Mshahara mara sita si jambo dogo kwa nyumba yoyote ya Chumbageni, na mimi sijasema asiende. Ninachoogopa zaidi, ukitaka ukweli wangu, si hiyo safari ya nje. Ni hapo alipo leo, Bagamoyo, ambako hakuna kamera za dunia wala mahakama inayosubiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamfunga mwajiri wake kama inavyomfunga mwenye kiwanda, na ofisi za OSHA yetu hupokea malalamiko. Ahakikishe pia mwajiri amejiandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule WCF, kwa sababu mguu ukiliwa na mamba bila usajili mtaanza kuzunguka ofisi mkiwa na majeruhi mgongoni.

Kwa hiyo mpigie leo usiku, usimgombeze, hatakusikiliza. Muulize mambo matatu kama mtu anayetaka kujua tu. Lango la kizimba linafunguka kuelekea ndani au nje? Majira ya mayai anaingia na nani? Na siku ile ya video, nani alishika simu? Kama ni mwenzake aliyekuwa na upondo mkono wa pili, tuna pa kuanzia. Kama simu ilikuwa imeegeshwa ukutani na yeye yuko peke yake mle ndani, niandikie kesho asubuhi, na uniwekee namba ya msimamizi wake.